Skrini ya Kutazamwa na Watu Watano

Miaka michache iliyopita nilinunua skrini ya kompyuta iliyotumika katika duka moja mjini Kisii. "Bosi, hii ni LED, si zile za zamani," muuzaji aliniambia. Niliipakata kwenye matatu hadi nyumbani Nyamira, nikaiweka juu ya meza fupi. Wiki hiyohiyo shangazi yangu akafariki, na familia ikaniachia kazi ya kutengeneza kijitabu cha mazishi. Nikafungua picha yake, ile anayocheka akiwa amejifunga leso. Uso ulionekana umefifia, kana kwamba umepakwa unga. Nikapunguza mwanga wa picha, nikaukoleza uso kidogo kidogo mpaka ukanikaa machoni, kisha nikapeleka kuchapisha nakala mia mbili. Siku ya mazishi vijitabu vilipogawiwa, binti yake alikishika kimoja, akakitazama kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, mbona mama amekuwa giza hivi?" Wino ulikuwa umemeza macho na mistari yote ya kicheko chake.

Printa haikuwa na kosa. Skrini ilikuwa ya aina ya TN, nami nilikuwa nikiitazama kutoka juu. Tangu siku hiyo nimejifunza kuuliza swali ambalo muuzaji hakulijibu na mimi sikujua kulitamka: kioo hiki ni cha aina gani?

Neno LED ndilo linalowapoteza wanunuzi wengi huku kwetu. LED ni taa iliyo nyuma ya kioo, basi. Skrini bapa za mwanzo zilimulikwa kwa mirija myembamba kama ile mirefu ya dukani, ambayo mwanga wake hupungua na kugeuka manjano kadiri inavyozeeka. Baadaye mirija ikaondolewa, LED zikawekwa, skrini zikawa nyembamba na zikapunguza ulaji wa umeme. Lakini taa haichori picha. Picha huchorwa na kilicho mbele yake: tabaka la fuwele za majimaji ambazo hugeuka zinapoguswa na umeme, zikiachia mwanga upite au zikiuzuia. Namna fuwele hizo zilivyopangwa na namna zinavyogeuka ndiyo aina ya paneli. TN, IPS na VA zote huweza kuwa LED. Kuambiwa skrini ni LED ni sawa na kuambiwa ng'ombe ana pembe, bila kuambiwa anatoa maziwa kiasi gani.

TN ndiyo kongwe. Martin Schadt na Wolfgang Helfrich waliombea mbinu hiyo hataza mwezi Desemba 1970, wakiwa wafanyakazi wa kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche mjini Basel, Uswisi, na ni mbinu hiyo iliyotupa saa za tarakimu na vikokotoo vya mfukoni. Fuwele zake zimesokotwa kama kamba, robo ya mzunguko kutoka kioo cha nyuma hadi cha mbele, na umeme ukipita zinafunguka na kuinuka. Ni rahisi kutengeneza, na fuwele zenyewe ni nyepesi kugeuka. Tatizo liko katika kule kuinuka kwa mshazari. Anayetazama kutoka juu hupata mwanga mwingi kuliko aliye mbele, kwa hiyo giza linafifia. Hapo ndipo uso wa shangazi ulipopakwa unga. Anayetazama kutoka chini hupata kinyume chake: picha inazama gizani, na ukizidi kushuka rangi zinageuka kama kwenye negativu ya filamu. Hata ukikaa mbele kabisa, sehemu ya juu ya skrini na sehemu ya chini haziko katika pembe moja na macho yako, hivyo uso uleule ukiusogeza kutoka juu kwenda chini unabadilika mbele yako. Tena TN nyingi za bei ya chini zina ngazi 64 tu za kila rangi ya msingi badala ya 256. Hizo ni rangi 262,144 mahali pa milioni 16.7, zinazokosekana huigizwa kwa kuzipepesa pikseli harakaharaka.

Sasa fikiria skrini kama hiyo ndani ya chumba cha gemu. Vyumba hivi viko karibu na hosteli za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii, viko kuelekea soko la Daraja Mbili, viko Keroka, pale ambapo kaunti mbili zinagawana soko moja, na viko katika vituo vidogo vya Nyamira ambako ukishamaliza kuchuma chai hakuna burudani nyingine ya karibu. Sura ya chumba haibadiliki sana. Ni mabati, mlango ulio wazi barabarani, benchi, na skrini mbili tatu zilizofungwa juu ukutani ili watoto wasiziguse na mwizi asizichukue kwa urahisi. Wawili wameshika pedi katikati, wanaongoja zamu wako kushoto na kulia, na nyuma yao amesimama mtu aliyeingia kujikinga na mvua ambaye sasa ameshachagua timu ya kushangilia. Watu watano, pembe tano. Makala na matangazo mengi kuhusu skrini za gemu huandikwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti kimoja, sentimita sitini kutoka kwenye meza yake. Ushauri huo ukiuleta Keroka bila kuugeuza, unampotosha mwenye chumba.

Niliwahi kukaa mwisho wa benchi katika chumba kimoja cha namna hiyo. Mechi ilikuwa ya usiku, timu moja imevaa bluu iliyoiva, nyingine nyekundu iliyoiva. Kutoka nilipokuwa, na skrini iko juu ya vichwa vyetu, jezi zote zilikuwa kahawia. Kijana aliyekaa karibu nami akicheza alimpasia mpinzani mara mbili, wenzake wakamcheka. Mchezaji wa katikati alipoondoka naye akasogea nafasi yake, pasi zake zikaanza kufika. Hakuwa amejifunza chochote katika dakika hizo tatu. Alikuwa tu ameanza kuona. Skrini iliyofungwa juu hutazamwa kutoka chini, nao huo ndio upande mbaya kuliko wote wa TN. Mwenye chumba ambaye hana fedha za kubadilisha anaweza kufanya jambo moja leo bila gharama: aiinamishe skrini ielekee kwenye macho ya waliokaa. Lakini wa pembeni bado watabaki na hasara yao, nao wamelipa sawa na wa katikati.

IPS ilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Hitachi waliileta sokoni mwaka 1996. Badala ya kuinuka, fuwele zinazunguka zikiwa zimelala sambamba na kioo, kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba bila kuinama. Kwa hiyo aliye pembeni na aliye chini huona karibu rangi zilezile anazoziona aliye katikati. Usidanganywe na nambari za kartoni hapa. IPS huandikwa nyuzi 178, na TN nayo huandikwa nyuzi 170 kwa 160, ungedhani zimekaribiana. Nambari hizo hupimwa hadi pale ambapo weupe umebaki mara kumi tu ya weusi, hali ambayo picha imekwisha kuharibika. Kuhusu rangi hazisemi lolote. Macho yako dukani yanapima vizuri zaidi.

Udhaifu wa IPS ni weusi. Skrini ya kawaida ya IPS hutoa weupe mara 1,000 hivi ya weusi wake, kwa hiyo usiku, taa zikiwa zimezimwa, giza la picha linakuwa la kijivu na pembe za skrini zinang'aa kidogo. Miaka ya nyuma ilikuwa nzito pia, vitu vikikimbia vinaacha kivuli, na ndiyo maana wachezaji wa gemu za risasi waling'ang'ania TN. Hoja hiyo imepitwa na wakati. IPS za miaka ya karibuni zinakimbia vya kutosha kwa Hz 144, yaani picha 144 kwa sekunde, na zaidi, na sioni tena sababu ya mtu kununua TN mpya kwa ajili ya kasi.

VA ilitokana na kazi ya Fujitsu miaka ya 1990. Fuwele zake husimama wima umeme ukiwa haupo, na zikisimama hivyo huziba mwanga vizuri kuliko zote mbili za kwanza: weupe mara 3,000 ya weusi, wakati mwingine zaidi. Skrini nyingi zilizopinda za bei ya wastani ni VA. Kwa anayetazama filamu peke yake chumbani usiku, picha yake inapendeza kwa namna ambayo IPS ya bei hiyo haiwezi. Mwanafunzi aliye hosteli, mwenye kitanda kimoja na pazia zito, akinunua VA sitamkosoa.

Ila VA ina uzito katika rangi za giza. Kutoka nyeusi kwenda kijivu kilichoiva, fuwele zake zinaweza kuchukua milisekunde 20 au 30, ilhali picha moja ya Hz 60 hukaa milisekunde 16.7 tu. Picha mpya inafika ya zamani haijaondoka. Katika mpira wa usiku mchezaji mwenye jezi nyeusi huburuta wingu nyuma yake, na ukiwa kwenye gemu ya kuvizia gizani adui anajificha ndani ya wingu hilo. Wengine hulizoea. Mimi nikishaliona siwezi kuliacha kuliona.

Kuna hesabu moja kuhusu weusi ambayo wenye vyumba vya mabati wanapaswa kuijua. Chukua skrini yenye mwanga wa niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza). Weusi wa IPS utakuwa robo ya niti, wa VA chini ya sehemu ya kumi ya niti. Tofauti kubwa. Sasa fungua mlango saa nane mchana. Mwanga wa nje unaorudishwa na uso wa skrini huweza kuongeza niti nzima juu ya kila kitu, weusi ukiwemo. IPS inabaki na weupe mara 200 ya weusi, VA mara 230. Ile mara tatu uliyoilipia imetoka kwa mlango. Ndiyo maana namwambia mwenye chumba cha gemu asilipie weusi. Alipie pembe, mwanga wa kutosha na uso usiong'aa kama kioo cha kujitazamia. Kama fedha zimebaki, anunue pazia la mlangoni.

Kuhusu OLED nitasema waziwazi, kwa sababu vijana wengi wameziona kwenye simu zao na wanazitamani. Hii ni mbinu nyingine kabisa. Haina taa ya nyuma. Kila pikseli inawaka yenyewe na inazimika yenyewe, kwa hiyo weusi wake ni giza kamili na mwitikio wake ni chini ya milisekunde moja. Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak waliichapisha kazi yao ya msingi mwaka 1987, na skrini za OLED za kompyuta zikaanza kuenea kwa wacheza gemu kuanzia 2022. Kwa ubora wa picha hakuna inayoizidi.

Lakini pikseli zinazojiwakia huchakaa kwa kuwaka. Fikiria gemu ya kandanda, iwe FIFA za zamani au zile zinazoitwa EA Sports FC tangu 2023. Ubao wa matokeo uko kona ya juu kushoto, ramani ndogo ya uwanja iko chini katikati. Havisogei. Chumba kinafunguliwa asubuhi na kufungwa usiku, siku saba za wiki, mchezo ni uleule. Pikseli za ubao huo zitazeeka kwa namna yake, za uwanja kwa namna nyingine, na siku moja ukiweka filamu utaona ubao wa matokeo umebaki pale kama alama ya sufuria mezani. TN, IPS na VA huweza kushika kivuli kwa muda nacho kikaondoka. Cha OLED hakiondoki. Kwa matumizi ya nyumbani yanayobadilikabadilika ni skrini nzuri mno, mradi mfuko unaruhusu na anayetoa dhamana anafikika. Kwa chumba cha gemu, hapana.

Juu ya kasi, kwanza angalia kinachochomekwa. PS4, ambayo bado ndiyo inayobeba vyumba vingi, hutoa Hz 60. Ukiichomeka kwenye skrini ya Hz 144 bado utaona picha 60 kwa sekunde. Fedha za ziada hazijakununulia kitu. PS5 hufika Hz 120 kwa gemu zinazoruhusu, na kompyuta yenye kadi nzuri ya picha huenda mbali zaidi. Hapo ndipo Hz 144 ina maana, kwani kila picha hukaa milisekunde 6.9 na jicho linafuata mlengwa bila kukwama. Ile "1 ms" ya kwenye kartoni hupimwa katika hali moja bora iliyochaguliwa na mtengenezaji. "Kontrasti 5,000,000:1" nayo ni taa ya nyuma kuzimwa na kuwashwa, si uwezo wa kioo. Na anayetumia TV badala ya skrini ya kompyuta, aingie kwenye mipangilio awashe hali ya gemu. TV huichakata picha kabla ya kuionyesha, na bila hali hiyo kidole kinabonyeza sasa mpira unapigwa baadaye. Nimeona wachezaji wakilaumu pedi nzima kabisa kwa ajili ya jambo hili.

Wengi wetu hatununui skrini mpya. Tunanunua zile za ex-UK, zilizotolewa katika ofisi za Ulaya zikaletwa Nairobi na kufika Kisii kwa basi. Kwa mnunuzi mwenye subira hili ni jambo jema, kwa sababu ofisi hizo zilinunua IPS nyingi. Kusoma jina la nyuma kunalipa. Kwa Dell, herufi U na P ni za daraja la juu kuliko E. Tarakimu mbili za kwanza ni ukubwa kwa inchi, mbili zinazofuata ni mwaka wa modeli. P2214H ni inchi 22 hivi, modeli ya 2014, na ni IPS. E2216H ni modeli ya 2016, mpya kuliko hiyo, lakini ni TN. Kwa HP tofauti huweza kuwa herufi moja: EliteDisplay E231 ni TN, E231i ni IPS. Zikiwa zimepangwa kwenye rafu huwezi kuzitofautisha kwa sura, na mara nyingi bei ni ileile. Kompyuta za mkononi nazo zina mtego huu. ThinkPad T480 moja huja na kioo cha TN cha 1366 kwa 768, nyingine na IPS ya 1920 kwa 1080, jina kwenye kifuniko halibadiliki.

Angalia na matundu ya nyuma. P2214H niliyoisifu haina HDMI. Ina VGA, DVI na DisplayPort. PS4 itaonyesha picha kupitia adapta ya HDMI kwenda DVI, ambayo ni rahisi, lakini sauti haitoki kwenye skrini hiyo, kwa hiyo panga spika mapema. Usinunue ile adapta ya kawaida ya DisplayPort kwenda HDMI ukidhani inafanya kazi pande zote mbili. Haifanyi, na pesa huwa zimeshatoka mfukoni.

Ukubwa si swali gumu. Kwa meza ya nyumbani, inchi 22 hadi 24 zenye 1920 kwa 1080 zinatosha; ukifika 27 kwa idadi hiyohiyo ya pikseli, maandishi yanaanza kuonyesha vidoa. Kwenye benchi lililo mita moja na nusu mbali, 27 ni nafuu kwa macho. Umeme nao usikuogopeshe. Skrini ya LED ya inchi 24 hutumia wati 20 hadi 30 hivi, na tokeni nyingi za chumba huliwa na mashine ya gemu. Kinachoua skrini katika nyanda hizi ni radi za alasiri. Mawingu yakifunga upande wa vilima vya Manga, chomoa nyaya ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi.

Nikirudi kwenye uchapishaji, yaani kwa mwenye saiba, ambaye nusu ya kazi yake ni vijitabu vya mazishi, mabango ya harambee na picha za pasipoti, msimamo wangu hauna nafasi ya kujadiliana. Atumie IPS, hata iliyotumika, hata ndogo. Gemu ikionekana vibaya, mtu amepoteza mechi. Kijitabu kikiharibika, familia imebaki na sura isiyo ya mpendwa wao, na sura hiyo itakaa ukutani sebuleni kwa miaka.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba picha moja kwenye flashi: uso wa mtu unayemjua vizuri. Mwombe muuzaji aifungue ijae skrini nzima. Simama, itazame kutoka juu. Nenda kushoto, nenda kulia. Kisha chuchumaa hadi macho yako yawe chini ya usawa wa skrini, utazame juu. Uso ukibaki wa mtu yuleyule, lipa. Ukigeuka, mshukuru muuzaji na uende duka linalofuata, hata akikuambia mara ngapi kwamba ni LED.